Kwa Mwanaidi, Kuhusu Klachi na Baba Yako Mdogo

Rwezamenyo, Kigali
Alhamisi, wiki ya mwisho ya Juni, mwaka wa thelathini na nne tangu nilipotoka Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Umekwenda Kimihurura kuwaaga wenzako wa ofisini, na mama yako yuko shambani kwake Ndera anachuma maharage mabichi ambayo anaamini hayapatikani popote Tanzania. Nyumba ni yangu peke yangu mpaka magharibi. Nimeketi barazani, pale pale tulipofungulia injini, doa la oili liko chini ya mguu wangu wa kulia. Nakuandikia sasa kwa sababu kesho alfajiri kituoni nitajishughulisha na mabegi na sitasema lolote la maana. Unanijua. Barua hii isome ukishavuka mpaka pale Rusumo. Ukiisoma mbele yangu nitaanza kujitetea.

Sitakwambia uangalie pasipoti wala kadi ya chanjo. Mama yako ameshayasema hayo kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, na jana nilimsikia akianza kwa Kiingereza. Nataka kujibu swali lako. Umeniuliza mara mbili: "Baba, kwa nini tusiende wote?" Mara ya kwanza nilijifanya natafuta spana. Mara ya pili nilisema tutazungumza, na hatukuzungumza. Baba yako mdogo naye, kule Tanga, ameshapaka chokaa kile chumba cha uani na kununua kitanda, kwa hiyo si wewe tu unayengoja. Nitajibu. Lakini jibu halitaeleweka kama sitakueleza kwanza kilichonipata wiki ile klachi ilipobana, maana uliniona nimenuna ukadhani nimeikasirikia injini.

Nilikuwa na wivu.

Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, vingine mara mbili, na wivu ninaoukumbuka humo ni wa wanaume juu ya wanawake. Sikumbuki niliposoma habari za mzee anayemwonea wivu mdogo wake wa tumbo moja kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo naandika bila kielelezo, na pengine nitakosea mpangilio.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Skuta ya babu yako ilikuwa chini ya turubai tangu ukiwa shule ya msingi. Uliposema, "Kama naenda kufanya kazi kwa Baba Mdogo, nairudisha Tanga ikiwa inatembea," nilifurahi kuliko ulivyoona. Ulikuwa ukitoka ofisini unavua viatu vyako vizuri, unavaa ndala, unaketi sakafuni. Tulibadilisha beringi, tukasafisha pistoni, nikakata gasketi kwa mkono. Kila kilichotoka ulikipanga juu ya khanga kuukuu ya mama yako, kushoto kwenda kulia, kwa mfuatano wa kutoka kwake, kama nilivyokufundisha. Zilikuwa jioni zangu bora katika miaka mingi. Nilikuwa baba yako na mwalimu wako kwa wakati mmoja, na hakuna mtu wa tatu.

Halafu tukafika kwenye klachi. Unakumbuka ilivyokuwa. Nati yake kubwa ikiwa imelegea, injini inazunguka laini kabisa. Ukiikaza mpaka mwisho, kila kitu kinasimama, kiki haishuki hata ukiikanyaga kwa mwili mzima. Ukilegeza robo mzunguko, inapumua tena. Na hatukuweza kuiacha imelegea, kwa sababu nati ya klachi iliyolegea huja kufunguka barabarani, ukiwa kwenye mteremko.

Kalisa, yule motari wetu ambaye pikipiki yake kama haisumbui breki basi inasumbua taa, alisimama mlangoni na helmeti yake kichwani akatucheka.

"Mzee, hii kitu iko inakataa nini? Labda haitaki kwenda Tanzania."

"Nenda kabebe abiria."

"Abiria wanangoja breki yangu, mzee. Na breki iko kwa mkono yako."

Ulicheka. Nami nilicheka siku ile, kwa sababu nilikuwa bado naamini najua jibu.

Nilikuwa na majibu manne, na yote nilikupa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona. Nilisema pleti za klachi zimekauka; tukazilaza kwenye oili mpaka kesho yake, klachi ikabana. Nikasema springi moja ni ndefu kuliko wenzake. Tukazipima zote kwa rula yako ya shule, zikawa sawa, ikabana. Nikasema kile kipande cha nusu mwezi, kinachoizuia klachi isiteleze kwenye shafti, kimepanda kutoka kwenye tundu lake. Tukakitoa, tukakirudisha, nikakigonga mwenyewe kwa nyundo ya shaba. Ikabana. Mwisho nikalaumu kifuniko, na kifuniko kilikuwa bado kiko juu ya khanga, hakijafungwa.

Hapo ndipo uliposema, huku unafuta mikono, bila kuniangalia, "Baba, labda tumuulize Baba Mdogo."

"Hamisi hajaiona injini hii."

"Si ndiye aliyeishi nayo?"

Ukaendelea kufuta mikono. Ulijua umegusa mahali.

Acha nikueleze jambo ambalo unalijua nusu. Gereji ya babu yako pale Ngamiani ilikuwa chumba kimoja na ua, na sisi tulikuwa wana wawili, mimi na Hamisi niliyemtangulia kwa miaka minne. Miaka ile vipuri havikupatikana. Ungeweza kungoja beringi moja mpaka mtoto aliyezaliwa siku ulipoiagiza akaanza kutembea. Kwa hiyo babu yako alikuwa na njia yake ya kazi iliyojulikana mji mzima: kila kilicholika, alikigeuza. Washa, ule mduara bapa wa chuma unaokaa chini ya nati, ikilika upande mmoja, ilifanya kazi kwa upande wa pili. Bushi vivyo hivyo, sproketi vivyo hivyo, hata raba za breki. "Geuza," alikuwa akisema kabla hujamaliza kumweleza tatizo. Watu walimwita Mzee Geuza. Wateja walimtania wakimuuliza kama na mkewe aliwahi kumgeuza, na bibi yako, ambaye jina lake ndilo lako, aliwajibu kutoka jikoni kwamba yeye upande wa kwanza bado haujalika.

Nilitoka Tanga na neno hilo. Nikaenda nalo Mwanza, kisha nikaja nalo Kigali pamoja na malori ya wafanyabiashara, wakati mji huu ulipokuwa unaanza kusimama tena na mtu anayeweza kufufua mashine alipokewa kila mtaa. Kwa neno hilo nilifungua gereji hii, nikamwoa mama yako, nikakulea. Ulipokuwa unasimama juu ya kreti ya soda ili uone mezani, neno lako la kwanza la ufundi lilikuwa hilo. Ulilitamka ukiwa na pengo mbele. Wateja walikuja na vitu vilivyoharibika ili tu wakusikie.

Basi ukampigia Hamisi. Uliisimamisha simu kwenye kopo la grisi ili atuone sote wawili. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha babu yako, na nyuma yake niliiona rafu niliyoipigilia mimi, bado imeinama upande.

"Mama, hujambo?" Hajawahi kukuita Mwanaidi hata siku moja. Kwake wewe ni mama yake.

"Sijambo, Baba Mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Mbona mmenuna hivyo? Skuta imekufa?"

"Klachi inabana," ukamwambia. "Nati ikikazwa tu, basi."

Hakuuliza pleti, hakuuliza springi. "Ile washa ya nyuma, kati ya klachi na beringi. Mmeigeuza?"

Ulinitazama. "Ilikuwa imelika upande mmoja," ukasema. "Nimeigeuza."

Alicheka mpaka picha ikatikisika. "Watoto wa Mzee Geuza! Hiyo haigeuzwi, mama. Itazame ukingo wake wa ndani, upande mmoja umechongwa mshazari. Ule mchongo unaangalia ndani, kwenye bega la shafti. Ukiigeuza haikai chini, inapanda juu ya pembe, na ukikaza nati klachi inalala upande. Marehemu alikataza."

"Alikataza lini?" Hilo lilikuwa swali langu, na nadhani nilipaza sauti.

"Ah, kaka," akasema, na akaacha kucheka. "Ulikuwa umeshaondoka."

Hukuisikia sentensi hiyo kama nilivyoisikia. Ulikuwa umeshainama, unafungua nati. Uliigeuza washa, ukarudisha klachi, ukakaza mpaka mwisho, na kiki ikashuka kama haijawahi kuwa na neno. Jioni iliyofuata, injini ikiwa imerudi kwenye fremu, uliipiga kiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikakohoa ikawaka. Moshi ulijaa baraza. Mama yako alitoka jikoni anapiga vigelegele vya kwao, mwiko mkononi. Kalisa akapiga honi kule barabarani. Na wewe, mwanangu, ukachukua simu, ukaielekeza kwenye injini, ukapiga kelele: "Baba Mdogo, sikia! Sikia!"

Mimi nilikuwa nyuma yako na spana mkononi.

Nilisema nina mafua nikaenda kulala mapema. Sikuwa na mafua.

Tangu siku ile nimejaribu kujua ninachomwonea wivu Hamisi ni nini hasa. Nyumba sikuwahi kuitaka, inavuja. Gereji ni yake kwa jasho lake. Nimezunguka sana mpaka nikafika hapa: namwonea wivu kwa sababu baba yetu alibadili mawazo yeye akiwepo. Mzee ninayemjua mimi aligeuza kila kitu. Mzee anayemjua Hamisi aliendelea kuishi, siku moja akaharibu injini ya mtu, akaketi na ile washa kiganjani akaitazama, kisha akasema hii hapana. Sijui alisema kwa hasira au kwa kicheko. Sijui kama siku hiyo alikuwa ameanza kuvaa miwani. Kwangu alibaki na umri ule aliokuwa nao aliponisindikiza, na neno lake moja, na nimewafundisha neno hilo vijana wengi wa mji huu, wewe kuliko wote, bila kujua kwamba mwenyewe alikuwa amelipunguza.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Babu yako alipofariki, simu ilikuja asubuhi na alasiri alikuwa ameshazikwa, kama inavyotakiwa. Nilifika siku ya kuanua matanga. Hamisi alinikumbatia mlangoni. Watu walinisimulia, kwa nia njema kabisa, jinsi alivyoshuka kaburini kumpokea baba, akamlaza ubavu wa kulia, akamfungulia mafundo ya sanda. Ni kazi ya mwana mkubwa akiwepo. Nilimshukuru. Nilisema yote yanayopaswa kusemwa na ndugu. Na siku zote nilizokaa pale nilikuwa naitazama mikono yake, anapokula, anapochukua udhu, anapomshika mtoto wa jirani kichwani.

Baadaye akanitumia skuta kwa lori, ameifunga kwa mikeka mipya isikwaruzike. "Kaka, wewe ndiye mkubwa, hii ni yako," akaniambia. Ni watu wangapi wamejaliwa mdogo kama huyo? Nami nikaifunika turubai. Uliponiuliza ukiwa mdogo kwa nini hatuiwashi, nilikwambia vipuri hakuna. Vipuri vilikuwepo. Sikuweza kuvumilia kupewa kitu cha baba yangu na mtu mwenye haki ya kukitoa.

Kisha mwaka jana ukaenda kule kwa likizo, na ukarudi una mkono mwingine. Mimi nilikufundisha kushika tupa kwa mikono miwili, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Ulirudi unaishika ncha kwa vidole viwili tu, unaisukuma kwa bega, na chuma kinatoka kimenyooka kuliko changu. Ulirudi pia na maneno "Baba Mdogo anasema". Baba Mdogo anasema kabureta husafishwa hivi. Baba Mdogo anasema samaki huwa hapikwi hivyo. Mama yako alikuwa ananichungulia kila mara unapoyasema.

"Papa Mwanaidi, wewe iko na wivu," akaniambia siku moja tukiwa tunakunja mashuka.

"Wivu wa nini? Yule ni mdogo wangu."

"Ariko wewe! Mtoto akisema 'Baba Mdogo', masikio yako inasimama kama ya sungura."

"Mimi ni mtu mzima, mke wangu."

"Ndiyo. Sungura mzee."

Nilikunja shuka lile vibaya makusudi, na yeye akalikunjua akalikunja upya, akicheka peke yake.

Lakini sikuandika ili nikuchekeshe. Wewe pia una macho, na umeanza kunihurumia, na huko ndiko kulikonitoa kitandani leo nikiwa na nia ya kuandika. Tangu siku ya klachi umekuwa unakwenda kuzungumza naye nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo. Juzi nilisikia unacheka, kile kicheko chako cha kukosa pumzi ambacho sijakisikia hapa barazani tangu injini ilipowaka. Nikatoka. Ukakata simu ukasema ilikuwa ni rafiki wa kazini. Hujawahi kunidanganya tangu ukiwa mtoto, labda kuhusu sukari, na sasa umenidanganya ili nisiumie. Nilirudi ndani nikiwa na aibu kubwa kuliko wivu wenyewe.

Usifanye hivyo, Mwanaidi. Mimi nimeyafanya na najua yanakoishia. Miaka mingi nilimpigia Hamisi nikiwa na habari za ugonjwa na misiba tu. Habari nzuri nilizibana, kwa kuwa sikutaka aone kwamba ninamhitaji azifurahie. Ulipopata nafasi chuoni, alisikia kwa mtu mwingine. Alinipongeza kwa ujumbe mrefu, na katika ujumbe huo mzima hakulalamika hata mara moja. Ndivyo ndugu wawili wanavyoweza kuzeeka wakifahamiana kwa maradhi yao. Ukifika Tanga ukafurahi, nipigie ukiwa na furaha hiyo hiyo, mbichi. Nitanuna. Nitasema mtandao unakatika. Wewe endelea kusema.

Na kuhusu kazi, kagua nilichokufundisha. Sisemi ukitupe. Kingi kimekufikisha hapo ulipo, na hata ile tupa ulianza kuishika kwangu. Lakini nimekupa maneno ya mtu ambaye sikuwepo alipoyasahihisha, na sijui ni mangapi mengine. Muulize Hamisi. Muulize mzee alisema nini, na alisema lini. Na siku utakayomkuta Hamisi naye ameshikilia jambo lililopitwa, mwambie, kwa adabu, lakini mwambie. Mimi hukuniambia. Ulikuwa na mashaka na ile washa, sivyo? Nilikuona umeishika mwangani, ukaipitisha kidole ukingoni, kisha ukanitazama, kisha ukaigeuza. Ulinitii. Afadhali ungenitii pungufu ya hapo, yaani usingenitii.

Sasa nikwambie la Jumapili, ambalo hulijui. Hamisi alinipigia mimi.

"Kaka, naona umekasirika kwa ajili ya washa."

"Sijakasirika."

"Kaka."

"Nimekasirika kidogo."

Nilisikia mtu anagonga chuma huko kwake. Kisha akasema, "Unajua mzee alikuwa ananiita nani pale mezani? Alikuwa ananiita Salim. 'Salim, nipe spana. Salim, shika hapa.' Tangu ulipoondoka mpaka alipolazwa kitandani na maradhi. Nilimrekebisha mwanzoni, baadaye nikaacha. Nikawa naitika jina lako."

Mtu mwema angesikitika pamoja naye. Mimi nilifurahi. Nilikwenda sokoni na furaha hiyo na nikarudi nayo, na njiani nililitamka jina langu mwenyewe kwa sauti ya mzee, kama mwendawazimu. Nakwambia haya usije ukadhani kwamba barua hii imeandikwa na mtu aliyepona. Ninamwombea Hamisi afya na riziki katika kila sala, na ninamaanisha. Simtakii apungukiwe hata na msumari. Nataka tu alichonacho, na ninakitaka kwa nguvu ambazo sikujua kwamba mtu wa umri wangu bado huwa nazo.

Kabla hatujaagana akasema, "Njoo, kaka. Njoo na Mwanaidi. Macho yangu hayaoni vizuri tena. Chumba kipo, shemeji nitamtafutia shamba. Na funguo za gereji utashika wewe."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonipa jibu lako.

Unaijua desturi yetu. Mdogo haketi kaka yake akiwa amesimama. Siku nitakayoingia mlangoni, Hamisi atainuka kwenye kile kiti na hatakikalia tena. Hatalazimishwa na mtu. Atafanya hivyo kwa mapenzi, na ataona ni heshima kwake. Wateja wake wa miaka thelathini watamuuliza yeye, naye atawaambia, "Muulizeni kaka." Nami nitajibu. Ningependa kukwambia kwamba ningekataa, kwamba ningemwambia keti, Hamisi, hapa ni pako. Nadhani ningesema hivyo wiki ya kwanza. Wiki ya pili ningekuwa naelekeza mikono yake. Mwezi wa pili ungekuwa umesimama katikati yetu na washa mkononi, hujui umtazame nani, na ungenitazama mimi, kwa kuwa mimi ni baba yako na umelelewa vizuri. Ungekuwa umesafiri mchana na usiku kumfuata mwalimu wa pili, ukamkuta yule wa kwanza amekaa mahali pake.

Nilimuuliza mama yako pia. Alizaliwa kambi ya wakimbizi Uganda, akarudi katika nchi ambayo hakuwahi kuiona, kwa hiyo katika nyumba hii yeye ndiye anayejua kurudi ni nini. Alikuwa anapalilia.

"Ukienda nitakufuata," akasema. "Nitalia mpaka Rusumo, lakini nitakufuata. Ila unaenda kufanya nini kule? Kuishi, ama kuangalia nani anapendwa zaidi?"

Nikamwambia sijui.

"Basi shika jembe," akasema, akanipa jembe.

Nililima mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya zile nyumba mpya, na nilikuwa nimeshajua.

Nakuonea wivu na wewe, kama ni lazima nimalize yote. Utaingia Ngamiani na hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi siku zote hizo. Hamisi atakuita mama mbele ya mtaa mzima. Utajifunza mambo ambayo yalisemwa wakati mimi niko huku, na siku moja, kwenye simu, utaniambia moja kama jambo la kawaida tu, na nitalazimika kuketi.

Nimeshampigia Hamisi leo mchana. Nimemwambia abaki kwenye kiti chake, na chumba cha uani ulale wewe, dirisha lake linapata upepo. Hakupenda. Alisema nitajuta. Nikamwambia huenda, lakini nitajutia huku. Alilia kidogo, nami nilimwacha alie, kisha akaniuliza unapenda kula nini, nikamwambia yote, hata yale niliyokuwa nataka kumficha.

Siku utakayoolewa nitakuja, na mama yako, tutakaa siku chache tupewe kiti cha wageni, na tutaondoka. Mengine hayo ni ya kwako na yake. Mfanye kazi vizuri. Mimi nabaki Kigali. Sitarudi Tanga.

Baba yako,
Salim